Mtoto akicheza dansi, anajifunza nini?

Leo tuko Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, Kampala. Wazazi wengi kambini mnauliza: dansi itamsaidia nini mtoto wangu?

Tazama Ghetto Kids wa hapa Kampala, kundi la mwalimu Dauda Kavuma. Mwaka 2014 walijulikana kwa video ya "Sitya Loss", wimbo wa Eddy Kenzo. Mwaka 2023, kwenye Britain's Got Talent huko Uingereza, jaji alibonyeza kitufe cha dhahabu kabla hawajamaliza kucheza.

Hayo yanatoka kwenye mazoezi. Mtoto anajifunza kuhesabu mapigo, kumfuata mwenzake, na kupumua vizuri ili aimbe huku anacheza. Katika mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, anakariri maneno na kungoja zamu yake. Mtoto aliyenyamaza tangu mlipokimbia vita anaweza kuanza kwa kupiga makofi tu. Msimharakishe.

Lakini mzazi, angalia: masomo kwanza, mazoezi baadaye. Na mtu akisema atampeleka mtoto mjini awe nyota, usimkabidhi. Waone kwanza viongozi wenu na wahudumu wa ulinzi wa watoto.