Sababu au kisingizio? Funzo la mifugo ya Machakos

WAHENGA walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo humsuta anayetoa sababu ya uongo. Hata hivyo, kipo kisingizio kilicho vigumu zaidi kukitambua, nacho ni kile kinachoegemea ukweli. Wakazi wa Machakos walikipitia mwaka 1938.

Mwaka huo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo yao. Ng'ombe walitwaliwa na kuuzwa mnadani kwa bei duni. Sababu iliyotolewa ni kwamba mifugo ilikuwa mingi kupita kiasi, hivyo udongo ulikuwa ukimomonyoka. Mmomonyoko wenyewe haukuwa uzushi. Mwaka 1937, afisa wa kilimo Colin Maher alikuwa ameandika ripoti kuhusu hali mbaya ya ardhi hiyo.

Lakini maelezo hayo yaliyaweka kando mambo mawili. Kwanza, Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo walilotengewa, huku ardhi nzuri, ikiwemo ya Milima ya Mua, ikiwa mikononi mwa walowezi. Pili, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu.

Julai 1938, Muindi Mbingu aliongoza umati wa watu, wake kwa waume, hadi Nairobi kudai kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Baadaye Muindi alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwauzia watu mifugo yao kwa nguvu.

Historia ilitoa hukumu yake baadaye. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua. Sehemu kubwa ya siri hiyo ni matuta yaliyochimbwa na wakulima wenyewe.

Kwa hivyo, haitoshi kuuliza iwapo sababu iliyotolewa ni ya kweli. Yafaa kuuliza pia ni ipi iliyofichwa, nani atanufaika, na kama hapakuwa na njia nyingine ya kutatua tatizo lile lile.