Mbingu Zilizofichwa na Taa

Usiku wa Jumapili, tarehe 10 Disemba 2023, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya. Kisiwani Mombasa, kama kwengineko, watu walinung'unika, wakatafuta mishumaa na kuzihurumia simu zilizokuwa zinakaribia kuzima. Joto lilipozidi ndani, tulipanda sakafuni juu ya nyumba, Mji wa Kale, kutafuta upepo. Huko juu tuliyakuta tusiyoyatarajia. Mwezi ulikuwa umebakisha siku mbili kuisha, kwa hivyo haukuwepo. Mushtarii iling'aa karibu ya utosi, Kilimia kilikuwa kaskazini mashariki kama kishada cha lulu, na Jabari alikuwa akipanda polepole kutoka upande wa bahari. Mtoto mmoja aliuliza, "Hizi nyota zimekuja leo?"

Swali lile halijatutoka. Nyota hazikuja usiku ule. Zilikuwepo siku zote juu ya mji huu, ila sisi tulikuwa tumezifunika kwa taa zetu. Tumelea watoto wanaohifadhi Surat An-Najm na Surat At-Tariq kwa sauti nzuri, ilhali wengi wao hawajawahi kuiona mbingu inayozungumzwa humo.

Mji uliosoma mbinguni

Mombasa isingekuwa Mombasa bila ya nyota. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi, yaliongozwa na manahodha waliozijua nyota kwa majina na kwa mapito yake. Dira yao ya zamani iligawiwa sehemu thelathini na mbili, na sehemu hizo zikaitwa kwa majina ya nyota zinazochomoza na kuzama pande hizo. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, aliandika elimu hiyo kwa mapana, naye alipima kimo cha nyota kwa upana wa kidole.

Jaa, nyota ya kaskazini, haionekani kutoka kisiwani kwetu, kwa kuwa tuko takriban digrii nne kusini mwa Ikweta na yenyewe imejificha chini ya upeo. Baharia aliyetoka Bandari ya Kale kwenda Maskati alisafiri siku kadhaa bila kuiona. Alipovuka Ikweta, Jaa ilianza kuibuka juu ya maji, na kila alipozidi kwenda kaskazini nayo ilizidi kupanda. Kwa kimo chake alijua amefika wapi.

Wa nchi kavu nao walikuwa na hesabu yao. Jina la Kilimia linatokana na kulima, na wakulima walikitazama ili kujua majira. Mwaka wa jua ulihesabiwa kutoka Nairuzi kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo watu walijua msimu wa kulima na msimu wa kusafiri. Elimu hii haikuwa ya wanazuoni peke yao. Ilikuwa ya mvuvi, ya mkulima, na ya bibi aliyekaa uani na wajukuu usiku.

Taa huzificha vipi nyota?

Taa haiziui nyota. Inapomulika juu au pembeni, mwanga wake hugonga vumbi, moshi na unyevu ulio hewani, ukatawanyika na kuifanya anga nzima kuwa kama pazia jeupe. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, basi pazia hilo huwa zito zaidi. Kilindini upande mmoja, majengo ya ng'ambo ya Nyali upande wa pili, na zile taa ndefu za barabarani tunazoziita mulika mwizi, zote huchangia. Hatuko peke yetu katika jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanadamu wanaishi chini ya mbingu zilizochafuliwa na mwanga, na kwamba thuluthi moja hawawezi kuiona Njia ya Maziwa wakiwa makwao.

Viumbe wengine nao hudhurika. Watoto wa kasa, wanapototolewa katika fukwe zetu usiku, huifuata nuru wakidhani ndiyo bahari. Taa za ufukweni huwapoteza, wakaelekea bara na kufa.

Ibada zetu na anga

Mtu anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini, na saa tunazo, na ratiba ya sala imebandikwa ukutani? Yanatuhusu sana. Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, ametuamrisha katika Surat Al-Baqara tule na tunywe usiku wa Ramadhani mpaka tuupambanue weupe wa alfajiri na weusi wa usiku. Wazee wetu waliijua alfajiri ya uongo, mwanga unaosimama wima kama mkia kisha ukafifia, na alfajiri ya kweli inayotanda upeoni. Leo, katikati ya mji, yule wa kwanza haonekani kabisa, na wa pili huchanganyika na mwanga wa taa. Tunaisali Alfajiri kwa wakati wake, alhamdulillahi, lakini tunaijua kwa simu.

Mwezi mwandamo una habari tofauti, na ni vyema tuwe waadilifu. Hilali hutafutwa magharibi wakati wa machweo, kabla giza halijaingia, na mara nyingi kizuizi chake ni mawingu na ukungu kuliko taa. Kilichopotea hapa ni mazoea. Kila mwaka tunabishana kuhusu mwezi, na wengi wa wanaobishana hawajawahi kuutafuta kwa macho yao hata miezi miwili mfululizo. Hawajui kuwa hapa kwetu, karibu na Ikweta, hilali mara nyingi hulala kama mashua, ncha zake zikitazama juu.

Tuseme wazi pia kuwa kutazama nyota si kupiga ramli. Elimu ya falaki ni hesabu na ibra. Kuziuliza nyota riziki, ndoa au mauti ni jambo lililokatazwa. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu walisema limepatwa kwa ajili yake. Mtume, pamoja na huzuni yake, aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Nuru tunayoihitaji

Hatusemi mji urudi gizani. Mwanamke anayetoka tarawehe akipita vichochoroni anahitaji taa, na mama anayempeleka mtoto hospitali usiku wa manane anaihitaji zaidi. Ila taa inayomulika mawinguni haimlindi mtu yeyote, na ile inayotia kiwi machoni humficha mwovu aliyesimama nyuma yake. Taa njema ni yenye kifuniko juu, inayotazama chini, yenye rangi ya manjano badala ya weupe mkali, na inayozimwa pasipo haja nayo. Mtume wetu (S.A.W.) alituusia kuzima taa tunapolala, kwa kuchelea moto. Tukiishika sunna hiyo kwa taa za roshani na za sakafuni, tutapunguza bili ya umeme na kumpa jirani usingizi.

Anzeni na watoto wenu

Mahali petu pana neema yake: karibu na Ikweta, nyota karibu zote za kaskazini na za kusini hupita juu yetu katika mwaka. Disemba hadi Februari, baada ya Isha, tafuteni Kilimia, Jabari na mshipi wake wa nyota tatu, Shi'ra inayong'aa kupita nyota zote za usiku, iliyotajwa katika Surat An-Najm, na Suhaili upande wa kusini. Mei na Juni, mawingu ya masika yakiachana, utaonekana Msalaba wa Kusini. Agosti, Akrabu huwa juu, na moyo wake mwekundu hauzimwi hata na taa za mji. Kutoka Mama Ngina, mkizipa mgongo taa na kuielekea bahari, mtaona zaidi. Wekeni simu mbali, mkae dakika ishirini macho yazoee giza. Mwenye darubini ndogo ya macho mawili, akiituliza vyema, ataviona vimwezi vinne vya Mushtarii.

Na tusiwaache mabinti nyuma. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za mbinguni. Aliyesimamia mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, naye akaiita Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Wiki hii basi, tuchague usiku mmoja. Tuzime taa zilizo katika uwezo wetu, tutandike mkeka juu, tukae na watoto na bibi yao. Huenda bibi akayakumbuka majina ambayo hajaulizwa kwa miaka mingi. Tumuulize angali nasi.