Lile doa la kijani kwenye foto ya toga

Wandugu na wadada, msimu wa toga unakaribia na watu wameanza tena kuniuliza juu ya lile doa. Unapiga foto ya mama na mtoto wake mwenye toga, jua liko mbele yako, Ziwa Kivu linang'aa, kila kitu sawa. Ukifungua foto jioni, doa la kijani limekaa kwenye shavu la mama. Toga ilikuwa ya kukodi, imesharudishwa. Mama naye amesharudi Walungu.

Wengine wanasema ni roho, wengine wanataka kununua telefone mpya. Hapana. Lenzi ya telefone ni vioo vidogo kadhaa vilivyopangwa, na nyuma yake kuna sensa. Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Njo maana vioo vya lenzi hupakwa utando mwembamba sana, kazi ambayo Alexander Smakula aliibuni huko Zeiss, Ujerumani, mwaka 1935. Lakini utando hauzuii rangi zote sawasawa. Mabaki yanarukaruka kati ya sensa na vioo, yanatokea kijani au zambarau. Na vile vioo vya kubandika juu ya kamera vinavyouzwa sokoni vinaongeza nyuso mbili zingine. Mimi changu nilikibandua.

Sasa sikilizeni hili: doa halikai ovyo. Kwenye telefone, mara nyingi linakaa mkabala na mwanga, katikati ya foto ikiwa kati yao. Jua likiwa kona ya juu kushoto, doa liko chini kulia, umbali uleule kutoka katikati. Kwa hiyo linaweza kupelekwa. Tazama ekrani kabla ya kubonyeza, geuza telefone kidogo, utaliona linatembea. Litupe kwenye majani au kwenye maji, mbali na watu. Bukavu asubuhi jua linatoka upande wa Rwanda, basi ukipiga ukielekea huko linakuingilia moja kwa moja. Kama jua liko nje ya foto, kivuli cha mkono juu ya lenzi kinatosha. Likiwa ndani ya foto, mkono hausaidii.

(Ule ukungu wenye mistari mirefu ni kitu kingine: mafuta ya vidole. Pangusa lenzi, imeisha.)

Na foto iliyokwisha kupigwa? Wengi wanakimbilia chombo cha kufuta. Angani au kwenye ukuta, sawa. Kwenye uso wa mtu mimi nakataa, juu chombo hicho hakirudishi kilichokuwa pale. Kinajaza kwa kukisia. Unapata shavu safi ambalo si la mama.

Doa ni mwanga ulioongezwa juu ya picha. Shavu bado liko chini yake. Basi usifute, punguza. Ndani ya Snapseed, ambayo ni ya bure, kuna chombo cha kurekebisha sehemu moja tu: weka nukta juu ya doa, bana kwa vidole viwili mpaka duara litoshe doa peke yake, shusha nguvu ya rangi, halafu shusha mwangaza polepole. Ngozi ikigeuka ya majivu, chukua brashi ya programu ileile na uongeze joto la rangi kidogo. Dakika tano hivi.

Njia hii inashindwa doa likiwa jeupe kabisa, maana hapo sensa ilijaa na chini hakuna kitu tena. Njo sababu napiga foto tatu za kila familia, kila moja nikisogea hatua ndogo: doa linahama, na moja kati ya tatu huwa inafaa.

Mwenye foto ya zamani anayotaka tuijaribu, aitume WhatsApp kama dokima, si kama picha. Ikitumwa kama picha inabanwa, na yale mabaki ya shavu tunayoyatafuta yanapotea njiani.