Dawa Iko Kisimani, Sabuni Iko Wapi?

Hebu sema ukweli. Unajua kwamba unatakiwa kunawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, umefundishwa tangu darasa la kwanza. Je, leo umenawa?

Kama hukunawa, hauko peke yako. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu, wanatuambia kujua ni kitu kimoja na kufanya ni kingine. Katikati kuna kusahau, haraka, uvivu, na kuangalia wenzako wanafanya nini. Ndiyo maana wabunifu wengine wameacha kuhubiri, wakageukia kubadilisha kifaa chenyewe.

Twende Busia, magharibi mwa Kenya, ambako watu wengi huchota maji kwenye visima na chemchemi. Maji hayo yanaweza kuleta kuhara, na kuhara huua watoto wadogo. Dawa ipo: klorini. Miaka ya 2000 iliuzwa madukani kwenye chupa ndogo, shilingi 20 hivi, na watu waliijua. Lakini watafiti walikuta hata kaya 10 katika kila 100 hazifiki zinazoitumia.

Utasema ni ujinga? Hapana! Mfikirie mama anayerudi kisimani na mtungi wa lita 20 kichwani. Moto haujawashwa, mtoto analia. Sasa akumbuke chupa iko wapi, apime dawa, asubiri nusu saa. Hata wewe ungesahau. Tena usipoitumia, nani atajua?

Basi watafiti, mmoja wao Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, wakaipeleka dawa kisimani kwenyewe. Ni tangi dogo la bluu juu ya nguzo. Unaweka mtungi chini ya koki, unazungusha mara moja, inatoka dawa ya kutosha lita 20. Kisha unachota maji. Hulipi kitu.

Umeona ujanja wake? Ukiliona tangi tu, umeshakumbushwa. Huhitaji kupima. Ile nusu saa ya kusubiri inaishia njiani ukirudi nyumbani. Na majirani wanakuona: ukipita bila kugusa koki, hakosi mmoja wa kukuuliza, "Wewe, mbona umesahau dawa?" Kijiji chenyewe huchagua mtu wa kulijaza tangi na kuwahimiza wenzake. Watafiti walipopima maji majumbani (maana ukimwuliza mtu tu, atasema anatumia!) zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa na klorini. Wapo wasiopenda harufu yake, na maji ya tope hayatibiki vizuri, lakini tofauti ni kubwa.

Lakini uwe macho. Ujuzi huohuo hutumiwa na wanaotaka pesa yako. Michezo ya kamari kwenye simu hukupa ushindi mdogo mdogo usiojua utakuja lini, na hiyo "pengine sasa hivi" ndiyo inayokufanya ushindwe kuacha. Tangi la kisimani halina siri, na hakuna anayetajirika ukizungusha koki.

Turudi kwenye mikono. Huko Bangladesh, katika shule mbili za msingi, watafiti walitengeneza kijia kutoka chooni hadi pa kunawia, wakachora juu yake nyayo za rangi, na pale pa kunawia wakachora viganja. Hawakuongeza somo lolote. Kabla ya hapo, katika kila mara 100 watoto walipotoka chooni, walinawa kwa sabuni mara 4 tu. Wiki 6 baadaye zilikuwa mara 74.

Sasa nenda nyuma ya madarasa yenu. Kutoka mlango wa choo hadi kwenye maji ni hatua ngapi? Sabuni iko pale, au imefungiwa ofisini kwa mwalimu wa zamu? Kibuyu chirizi hakihitaji zaidi ya dumu la lita 5, kamba na miti michache, na kinaweza kusimama palepale mlangoni. Hesabu hizo hatua, kisha utuandikie.