Kipimo cha Jeni na Binti wa Mita 800

Binti wa Upareni akishinda mita 800 kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, hapo Same, akapanda timu ya mkoa na hatimaye ya taifa, atakutana na sharti jipya kabla ya kukimbia mashindano ya dunia. Tangu 1 Septemba 2025, Shirikisho la Riadha Duniani linadai kila mwanariadha wa kike apimwe jeni ya SRY, mara moja tu maishani. Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu, au hutolewa damu kidogo. Jeni hiyo, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y, ndiyo huanzisha ukuaji wa korodani kwa mtoto aliye tumboni.

Msingi wa sharti hili unaeleweka. Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume ni 1:40.91 ya Mkenya David Rudisha. Ya wanawake ni 1:53.28. Tofauti hiyo ya takriban asilimia 12 huletwa zaidi na testosteroni, homoni inayojenga misuli, mifupa na damu wakati wa balehe. Bila kundi lao, wanawake wasingefika fainali.

Lakini watu wawili tofauti huwekwa kapu moja. Wa kwanza ni mwanamke aliyebadili jinsia. Akiwa amebalehe kiume, amezuiwa tangu Machi 2023. Wa pili alizaliwa akaitwa msichana, akalelewa hivyo, ila mwili wake ulikua tofauti kwa ndani, mara nyingi bila yeye kujua. Afrika Mashariki tumemwona huyu wa pili.

Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya walitwaa fedha na shaba za mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Kanuni za homoni, zilizotaka testosteroni ishushwe, zikawafungia mbio hiyo. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 kanuni zikabana mbio zote.

Annet Negesa wa Uganda aliumia zaidi. Mwaka 2012 alienguliwa kwa sababu ya homoni hiyo kabla ya Olimpiki ya London, kisha akafanyiwa upasuaji Kampala. Ameeleza kwamba hakufahamishwa sawasawa alichofanyiwa. Mbio zake za kimataifa zikaishia hapo. Baadaye akapata hifadhi Ujerumani.

Kundi la wanawake lilindwe, na binti naye alindwe. Kocha au mwalimu hana ruhusa ya kumkagua mwanafunzi kwa sababu ana sauti nzito au kifua bapa. Maumbile ya nje hayathibitishi chochote. Kipimo kikihitajika, kisitangulie ushauri wa daktari, ridhaa ya binti na, akiwa mtoto, ya mzazi wake. Majibu ni siri yake. Asipasuliwe ili apate nafasi ya kukimbia. Na akizuiwa mbio za kimataifa, shule na kijiji viendelee kumwita kwa jina lake, kama binti yao.