Picha ya Kijivu na Picha Nyeusi na Nyeupe

Tangu zamani picha isiyo ya rangi imeitwa katika Kiswahili “picha nyeusi na nyeupe”. Jina hili limezoeleka, wala hatukusudii kulipiga vita katika mazungumzo ya kawaida. Lakini mfasiri anapokabidhiwa programu ya kompyuta ya kuhariri picha hukuta kwamba jina hilo moja linabebeshwa kazi tatu zilizo mbalimbali, na mtumiaji akichagua amri isiyostahili hupoteza habari iliyokuwamo katika picha.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Picha katika kompyuta ni mkusanyiko wa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Katika picha za kawaida kila pikseli ina vipimo vitatu: cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, na kila kipimo huanzia 0, yaani giza, hadi 255, yaani mwanga kamili. Kuiondoa rangi ni kuvifanya vipimo hivyo vitatu kuwa kimoja. Hapo hupatikana ngazi 256, ambazo kati yake moja tu ni nyeusi kabisa na moja tu ni nyeupe kabisa. 254 zilizobaki ni kijivu. Kwa hiyo twapendekeza matokeo haya yaitwe picha ya kijivu. Neno lenyewe limetokana na jivu, na kila aliyewahi kuzoa jivu jikoni anajua kuwa haliwi la namna moja. (Kitenzi “kukijivisha”, ambacho mtu aweza kushawishika kukiunda, hakina haja.)

Picha nyeusi na nyeupe ibaki kuwa jina la ile isiyo na kijivu hata kidogo. Hiyo hupatikana kwa kuweka kizingiti, tuseme 128: pikseli iliyofikia hapo huwa nyeupe, na iliyo chini yake huwa nyeusi. Njia hii huifaa barua iliyopigwa chapa; kwa uso wa mtu ni maangamizi. Karani anayenakili kwa skana fomu yenye picha ya mwombaji, akachagua “nyeusi na nyeupe” akidhani ndizo picha za zamani, atatia katika jalada sura ya mabaka isiyotambulika. Kosa hilo ni la mfasiri kuliko la karani.

Kazi ya tatu ndiyo yenye mambo mengi, nayo ni kuchanganya. Vipimo vitatu huwa kimoja kwa uwiano gani? Programu nyingi huchukua 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu, kwa kuwa jicho la binadamu huuona mwanga wa kijani kwa wepesi kuliko ule wa buluu. Tuchukue bendera ya Tanzania, iliyochorwa kwa kijani chenye vipimo 30, 181, 58. Buluu yenye 0, 163, 221. Na manjano yenye 252, 209, 22. Kwa uwiano huo manjano huwa 201, kijani 122 na buluu 121. Hakuna jicho litakalotenga 122 na 121. Mwalimu atakayechapa bendera hiyo katika karatasi ya mtihani, akauliza ni pembetatu ipi iliyo ya kijani, atakuwa amewauliza wanafunzi jambo lisiloonekana.

Dawa ni kubadili uwiano. Tukichukua 0.6 ya nyekundu na 0.4 ya buluu, tukaiacha kijani, pembetatu ya kijani huwa 41, ya buluu 88, mistari ya manjano 160, na ukanda mweusi hubaki 0. Zote nne zaonekana. Wapiga picha wa filamu walifanya vivyo hivyo kwa kichujio, yaani kioo cha rangi mbele ya lenzi: kilipokuwa chekundu, anga la buluu lilikolea na mawingu yakajitokeza.

Mfasiri na ajihadhari hapa asifuate jina la Kiingereza. Toleo la CS3 la programu ya Photoshop, lililotoka mwaka 2007, lilileta amri yenye kumwezesha mtumiaji kupima rangi sita, kila moja peke yake, katika kuipata picha ya kijivu. Waundaji waliipa amri hiyo jina lenye maana ya “nyeusi na nyeupe”, ilhali kazi yake ni kuchanganya, wala haina kizingiti ndani yake. Katika Kiswahili iitwe “Changanya kuwa kijivu”.