Hasara ya belo humwangukia nani?

Mnunuzi wa jumla katika soko la Gikomba, Nairobi, hulipia asichokiona. Belo la mitumba limebanwa kwa mashine, likafungwa mikanda, na kwa kawaida lina kilo 45 hivi. Juu yake pameandikwa aina ya nguo na gredi: blauzi, jinzi, nguo za watoto. Yaliyobaki ni kumwamini mwagizaji, na kukiamini kiwanda cha uchambuzi kilichoko Uingereza, Kanada, Poland, Pakistani, Falme za Kiarabu au China. Wazoefu huuliza kwanza mzigo umetoka wapi, ndipo waulize bei.

Belo likikatwa, thamani yake huanza kuporomoka papo hapo. Walioamka alfajiri wamekwisha kulizingira, nao huondoka na kamera, yaani vile vipande visivyo na doa wala kifungo kilichopotea. Hivyo ndivyo vinavyoishia kwenye maduka ya katikati ya mji au kwenye kurasa za Instagram, vikiuzwa kwa bei ambayo mnunuzi wa mwisho hatadhani vilitoka chini ya turubai. Baada ya hapo huja nguo za kawaida, na mwisho fagia: zilizochanika, zilizopauka, makoti mazito yasiyo na mteja wakati wa jua. Mwenye belo hutaka mtaji wake urudi mapema, kamera zikingali mkononi. Fagia zikizidi, amekula hasara, na ni wachache mno waagizaji watakaokubali kurudishiwa belo lililokwisha kukatwa.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii, na ni jambo ambalo mijadala ya sera hulipita mbio. Mchambuzi wa ng'ambo amelipwa. Mwagizaji amelipwa. Anayegundua kilichomo ndani ni yule mwenye mtaji mdogo kuliko wote, pengine wa mkopo wa chama cha akiba, na pembeni yake wapo wanaoishi kwa jasho la mzigo huohuo: wabeba mizigo, wafuaji, wapiga pasi, na mafundi cherehani wanaopunguza viuno na kukata suruali ziwe kaptura.

Serikali zimelitazama suala la mitumba kwa jicho la viwanda. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu cha Marekani, SMART, kikalalamika Washington mwaka 2017, na mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ukawekwa rehani. Kenya ilijitoa mapema, kwani viwanda vyake vya nguo vilitegemea soko hilo. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ilikaza: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya AGOA.

Hoja ya kulinda viwanda si ya kupuuzwa, ila husimuliwa nusu. Viwanda kama KICOMI cha Kisumu au Mwatex cha Mwanza havikuangushwa na mitumba peke yake. Kulikuwa na mitambo iliyochakaa, madeni, umeme usiotabirika, kisha milango ya biashara ikafunguliwa kwa ghafla. Leo linaloshindana na shati la mtumba ni shati jipya la bei ya chini kutoka Asia, ambalo nalo halikushonwa Kisumu. Kenya ilipozuia uagizaji wa mitumba kati ya Machi na Agosti 2020, kwa hofu ya korona, miezi hiyo haikufufua kiwanda chochote cha zamani.

Hata ushuru wenyewe una kasoro. Forodha ya Afrika Mashariki hutoza asilimia 35 ya thamani au kiwango maalumu kwa kila kilo, kile kilicho kikubwa zaidi. Mizani haijui kamera wala fagia. Kinapotumika kiwango cha kilo, kilo ya matambara hutozwa sawa na kilo ya hariri, na gharama hiyo hupachikwa kwenye bei ya belo kabla halijafika kwa anayelikata. Ongeza moto: Gikomba imeungua mara kwa mara, na ule wa Juni 2018 uliua watu 15; soko la Karume, Dar es Salaam, liliteketea Januari 2022. Wenye bima sokoni ni wa kutafuta kwa tochi.

Viwango tayari vipo. Tanzania, kupitia Shirika la Viwango (TBS), imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, ingawa barabarani zimejaa tele, na Kenya hudai cheti kuwa mzigo umepuliziwa dawa. Kinachokosekana ni ukaguzi wa gredi: kukata mabelo machache ya kila kontena pale bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, na kumtoza faini mwagizaji ambaye lebo yake imedanganya.